Themostati ya Mtaalamu

Hakuna mtu duniani aliyewahi kununua themostati kwa kiburi kama Mtaalamu! Jina hilo alijipa mwenyewe, na mtaani wakamwachia ili yaishe.

Gari lake la nyumba, lile lenye vitanda, jiko na sinki humo humo ndani, lilikuwa limeharibikiwa themostati, kile kidude cha ukutani kinachoiamuru hita iwake au izime. Na jioni ile mama mkwe alikuwa anakuja kulikagua. Akiridhika, familia nzima itasafiri nalo kwenda harusini. Asiporidhika, liuzwe! Mkewe alishakata kauli, na Mtaalamu alilipenda gari lile mpaka watu wakamsema.

Muuza duka akamtolea themostati ndogo ya kuzungusha. "Hii inakutosha, mzee."

"Inamtosha nani? Mimi?" Mtaalamu akanyooshea kidole dude moja lenye kioo kipana kama sinia. "Lile! Nataka majirani wasome namba za joto wakiwa nje!"

Ndiyo sababu akalifunga mkabala na dirisha, juu ya jiko kabisa.

Jioni baridi ikang'ata kweli kweli. Mama mkwe akaketi, mkewe akabandika birika, mvuke ukapanda moja kwa moja hadi kwenye kioo. Namba zikaruka: ishirini, ishirini na tano, thelathini na moja! Hita ikajizima.

"Mwanangu, mbona baridi hivi?" mama mkwe akauliza.

"Baridi? Mama, hebu soma pale! Tunatoka jasho!"

"Mimi meno yanagongana."

"Hayo ni mawazo tu, Mama." Na ili kuthibitisha, akavua koti. Akavua na sweta! Akabaki na fulana mbele ya mama mkwe, akijipepea kwa mkono.

Mama mkwe akalivaa lile koti. Mkewe akavaa sweta, kisha akachemsha chai nyingine angalau wapate joto. Kioo kikazidi kushangilia: thelathini na nne!

"Jo-jo-joto hili jamani," Mtaalamu akasema, midomo imempauka.

Mkewe akauona mvuke uliokuwa ukikidanganya kioo, akachoka na upuuzi. Akazima jiko, akakipepea kioo kwa mfuniko wa sufuria mpaka namba zikashuka. Hita ikanguruma, joto tamu likajaa gari zima. Mama mkwe akanyoosha miguu.

"Gari hili halina kasoro hata moja. Tutakwenda nalo!"

"Si nilisema!" Mtaalamu akaruka juu kwa furaha.

"Binti yangu ataendesha," mama mkwe akaendelea. "Wewe baba, utatufuata kwa basi."