Ombi la Kumfuta Mama Mkwe Wangu katika Orodha ya Wapiga Kura

Thrushall, Lancashire
Septemba 1868

Mheshimiwa Wakili, Mhakiki wa Orodha ya Wapiga Kura,

Nakusalimu kwa heshima, kofia nimeivua ingawa hunioni. Mimi ni Enoch Tattersall, mfumaji katika kiwanda cha pamba, umri miaka hamsini na mbili, akili timamu, kifungo kimoja tu, nacho ni cha siasa. Naishi kwa mama mkwe wangu, Hepzibah Ormerod, mjane na dobi. Mwenye nyumba ni yeye, mlipa kodi ya mtaa ni yeye. Basi hii sheria mpya, iliyompa kura kila mwanaume mwenye nyumba mjini, ilifika kwetu, ikanitazama, ikanipita.

Sasa sikia maajabu. Karani wa kodi alipoandika orodha alinakili kila aliyelipa, bila kuinua kichwa aulize kama ana ndevu. (Kusema kweli, mama mkwe mbili tatu anazo.) Orodha iliyobandikwa mlangoni mwa kanisa inasema Hepzibah Ormerod ni mpiga kura, na mimi si kitu. Naomba kabla hujaifunga Ijumaa umfute yeye, uniandike mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kura hii niliitafuta mimi! Mkataba wa Watu, lile ombi letu la madai sita, la kwanza kura kwa kila mwanaume, nimeutia sahihi mara tatu, na Bunge likaukataa mara tatu. Nimepanda milima kwenye mvua kusikiliza hotuba, nimelala korokoroni miezi miwili kwa kupaza sauti. Mama mkwe siku hizo alikuwa akiniuliza, "Enoch, mwanangu, hiyo kura inaliwa na chumvi au bila?" Bendera yangu iliyoandikwa KURA KWA KILA MWANAUME aliikata akashonea gaguro la kuvaa chini ya gauni. Maneno KILA MWANAUME yakaangukia nyuma.

2. Wakala wa Bwana Pomfret, mgombea ubunge wa utepe wa buluu, amemletea mama mkwe paja la nguruwe. Wakala wa Bwana Lumley, mpinzani wake wa utepe wa njano, ameleta mkokoteni wa makaa. Wote wanamwita "Bi Mkubwa" na kumwinamia, maana kura ni kura. Amepokea vyote viwili, akasema atafikiria. Mimi niliyefungwa kwa ajili ya kura niliambiwa nishushe makaa.

3. Siku hizi nyumbani kila jambo linapigiwa kura. Jumatatu aliuliza nani anataka utumbo na nani anataka viazi. Mimi na mke wangu Keziah tukainua mikono kwa viazi. Mama mkwe akainua wake kwa utumbo, akatangaza kwamba utumbo umeshinda, kwani kwa mujibu wa serikali mwenye kura humu ndani ni mmoja. Mheshimiwa, tumekula utumbo wiki nzima!

4. Nikasema liwalo na liwe, mimi si mgeni wa harakati. Nikaandika ombi lenye madai sita, la kwanza nirudishiwe kiti cha karibu na moto. Nikatia sahihi, Keziah akatia sahihi, paka naye tukamtilisha dole gumba. Nikaandamana kutoka chumba cha kufulia hadi jikoni, hatua kumi na moja, nikiimba. Mama mkwe alilipokea kwa adabu zote, akaliweka mezani, akatua birika juu yake. "Bunge litaliangalia mwakani," akasema.

5. (Hili nimelifuta. Keziah amelisoma.)

6. Keziah mwenyewe ameniasi. Nilipomwambia tuandamane tena aliniuliza, "Mume wangu, kwenye huo Mkataba uliokupeleka jela, mimi nimo mstari wa ngapi?" Nikapekua kichwa changu chote. Hamo. Basi amehamia chama cha mama yake, na upinzani tumebaki mimi na paka; na paka, kwa kipande cha lile paja la nguruwe, ameshaanza kuyumba.

7. Kura hutamkwa jukwaani mbele ya mji mzima, na mama mkwe ameanza mazoezi. Juzi alitamka jina la mgombea akiwa kwenye beseni lake la kufulia, na jirani wa nyumba ya nne akafungua dirisha akaitikia, "Tumesikia!"

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Umfute. Ikishindikana, umtangaze kisheria kuwa mwanaume, ili niwe na baba mkwe ambaye angalau naweza kumjibu. Na hilo likikushinda, unitangaze mimi kuwa mama mkwe, maana naona ndicho cheo chenye kura mjini hapa.

Nisalimie mkeo, wanao, makarani wako wote, na farasi wako kama anaimudu milima ya kwetu.

Ni mimi, mtiifu wako kwa sasa,
Enoch Tattersall

Baada ya sahihi: Barua hii ilikuwa bado mfukoni karani wa kodi alipoingia na orodha na kalamu. Kosa lake ameligundua. "Mama, nakufuta," akasema. "Wanawake hawahesabiwi." Mama mkwe, Mheshimiwa, yeye asiyenyamaza hata kanisani, aliweka chini nguo aliyokuwa akiikamua. Aliitazama mikono yake iliyochubuka kwa magadi, akakaa. Ndicho nilichokuomba kurasa mbili nzima, na nilipokiona niliona aibu sijapata kuona. Nikasimama mbele ya karani nikamwambia, "Kodi yake umeihesabu? Basi na yeye mhesabu!" Akaniambia nimpishe. Sikumpisha. Keziah akafunga mlango kwa ufunguo. Karani ametoka kwa kupitia dirishani, mzima wa afya, bila kalamu na bila orodha.

Basi yote niliyoandika hapo juu yapuuze. Orodha tunayo sisi, na Ijumaa tutakuletea wenyewe, watu watatu, kwa maandamano. Jina lake limo. Ukitaka kulifuta, itabidi ulifute yeye akikutazama.