Wadudu Wamelishwa, Kopo Limezuiwa

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Ndugu Mganga Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nakuandikia kama mwananchi mwenye malalamiko, wala si kama mama yako mdogo, ingawa ni mimi niliyekubeba mgongoni dada yangu alipokuwa kazini. Hilo tuliweke kando. Nitalikumbusha mwishoni kama patakuwa na haja.

Kama ujuavyo, mke wa mwanangu mkubwa ni mjamzito, na huyo ndiye mjukuu wa kwanza tunayemsubiri. Alipoanza kusema mkojo unamchoma, sikutaka ahangaike na foleni zenu. Nilishusha kopo. Unalijua, lile la majani ya chai juu ya kabati la vyombo, ambamo tunaweka vidonge vinavyobaki kila mtu akishapata nafuu. Nikampa viwili vyekundu, vilivyobaki baba yako mdogo alipotibiwa jino. Akapata nafuu. Baadaye ugonjwa ukamrudia, safari hii na homa na maumivu ya mgongo, na mwanangu akamleta kwenu bila kuniuliza. Hapo ndipo nilipoanza kudhalilishwa, kama ifuatavyo:

1. Mkojo wa mkwe wangu ulipelekwa maabara. Badala ya kuwaua wadudu waliokuwemo, dada wa maabara aliwaweka kwenye kisahani chenye chakula, akawatunza mahali pa joto, wakala, wakazaana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu aliwapa cheti, kwamba wamezishinda karibu dawa zote za hospitali yako. Nimelea watoto watano na hakuna aliyefaulu namna hiyo.

2. Alinionyesha kisahani chenyewe. Amepanga vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa, na wadudu, ambao walipaswa kukimbia, wamevisogelea mpaka ukingoni kama kuku waliomzoea mwenye nyumba. Kipande kimoja tu ndicho walichokikwepa, cha dawa ambayo ni ya sindano. Nilipouliza ukaidi huu wameutoa wapi, akaniuliza nyumbani kwetu dawa tunazimezaje. Swali hilo nimelihesabu kuwa tusi.

(Samahani, niliinuka kidogo. Nimerudi.)

3. Alinieleza kwamba wadudu hawa ni wakali, wana vinywele vya kung'ang'ania ukuta wa kibofu ili mkojo usiwasombe. Tena mmoja akigundua namna ya kuishinda dawa, humgawia mwenzake ujuzi huo, hata asiye wa ukoo wake. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayestaajabu. Sasa mdudu akigawa anastaajabiwa, mimi nikigawa vidonge kwa ndugu na majirani naambiwa ninawafunza wadudu usugu. Kutoa ni moyo, mwanangu. Samahani, Ndugu Mganga Mkuu.

4. Kopo langu limezuiwa. Nililileta wodini kwa nia njema, nimpunguzie mkwe wangu sindano. Muuguzi wa zamu akalifungua, akalifunga, akalipeleka ofisini kwako. Kabla hajalifunga nilimwambia akiba haiozi. Akanisomea tarehe za mwisho za vidonge hivyo kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mkwe naye akacheka, na dripu mkononi.

(Nimeinuka tena. Ni chai tu.)

5. Homa imeshuka, mkwe anakula, mtoto anacheza tumboni, na bado mnamlazimisha amalize dozi. Kwetu mtu akipata nafuu huacha, kinachobaki kikamfaa mwingine. Ninyi mnataka sindano ziishe zote. Huo ni uchoyo.

Sitaki ufikiri kwamba sina moyo. Siku daktari aliposema figo zimeguswa, na kwamba mtoto anaweza kuja kabla ya wakati wake, nilikaa kwenye benchi la nje nikashindwa hata kufunga kanga vizuri. Niliogopa sana. Lakini kuogopa si kukiri kosa.

Kwa hiyo naomba kopo lirudishwe, vyeti vya wadudu vifutwe, na dada wa maabara ahamishiwe mahali pasipo na wadudu, kama papo.

Nisalimie mkeo na watoto, wauguzi wote, mlinzi wa geti ambaye huniachia kiti chake, na hata dada wa maabara, ila salamu zake ziwe fupi.

Ni mimi mwenye kudai haki yangu,
Mama yako mdogo (kwa leo, mwananchi)

Tanbihi: Si chai. Mkojo unanichoma tangu juzi, na leo mgongo nao umeanza. Nilipandisha mkono juu ya kabati kwa mazoea, nikakuta vumbi na alama ya duara pale kopo lilipokuwa, na kwa mara ya kwanza nikafurahi kwamba halipo. Kesho nitakuja kupanga foleni. Dada wa maabara asihamishwe; awalishe wadudu wangu washibe, kisha aniambie ukweli. Kopo usilirudishe, mwanangu. Nafunga bahasha hii haraka niende kwa jirani, nikamwombe anirudishie vidonge vinne nilivyompa wiki iliyopita, kabla naye hajawa mkarimu kama mimi.