Mandhari ya Harusi Kwenye Mkutano wa Parachichi

Leo nimeaibika, jamani. Tena siyo aibu ya kichochoroni. Aibu ya ukutani, yenye rangi, inayoonekana mpaka kiti cha nyuma kabisa.

Kwa msionijua vizuri: mimi ni bwana shamba wa chama kimoja cha wakulima wa parachichi. Kwetu Singida, naishi Makambako, peke yangu. Uhamisho wa huku niliuomba mwenyewe baada ya Eliza kuvunja uchumba wetu, harusi ikiwa imeshapangwa na ukumbi umeshatafutwa. Nilitaka mji ambao hakuna mtu wa kuniuliza, "Vipi, ile shughuli lini?" Nikaupata. Makambako kila mtu anapita tu, huyu wa Mbeya, yule wa Songea. Ofisini nikasema sina mchumba, wala sijawahi kuwa naye. Sikutaka pole ya mtu. Siri hiyo nimeitunza kuliko ninavyotunza meno yangu.

Sasa leo tulikuwa na mkutano Njombe. Wakulima wamejaa ukumbini, wa Lupembe, wa Igwachanya, makoti yamefungwa hadi shingoni, maana ukungu wa Njombe hauna huruma. Mimi ndiye wa kuwaeleza namna ya kuchuma parachichi bila kuziumiza. Slaidi zangu nilizipamba wiki nzima. (Mtu mwenye watu wa kuongea nao jioni hawezi kukaa anachagua vivuli vya herufi. Mimi ninao muda.)

Niwaeleze kidogo kuhusu mandhari, maana ndiyo iliyoniua. Mandhari ni mavazi ya slaidi: rangi, aina ya herufi, mapambo, picha ya nyuma. Ukichagua moja, slaidi zote zinavaa sare kwa mpigo mmoja. Na ukiwa mjuzi kama mimi (haya, chekeni), unashona ya kwako mwenyewe, unaihifadhi, inakaa kwenye orodha pamoja na zile zilizokuja na kompyuta.

Nikasimama mbele. Kipaza sauti wamenibania kwenye kola ya koti. Slaidi ya kwanza hiyo: maandishi ya kijani juu ya kijani. Kwenye kompyuta ilipendeza sana. Ukutani ikawa kama mlenda.

"Bwana Shamba, hatuoni kitu," akasema Mzee Mlowe, mwenyekiti wa wakulima.

Hapo mwenye akili zake angezima projekta kwanza, akabadilisha mambo yake taratibu. Mimi nikataka sifa.

"Dakika moja tu, Mzee. Wote angalieni ukutani, muone kompyuta inavyofanya kazi."

(Angalieni ukutani! Kwa mdomo wangu mwenyewe!)

Nikafungua orodha ya mandhari. Nikawa napitisha kishale juu yake, na kila kinapogusa moja, ukuta unabadilika: bluu, nyekundu, kijivu. Watu wakaanza kushangilia. "Hiyo hiyo! Hapana, rudisha ile!" Nikajiona bingwa. Nikaacha hata kuangalia kompyuta, nawaangalia wao. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kishale kikateleza, kidole kikabonyeza.

Ukuta mzima ukawa zambarau na krimu. Pete mbili kwenye kona. Nyuma ya maandishi, picha yangu na Eliza, yeye anacheka kwa sababu tai yangu imepinda. Chini, kwa herufi za dhahabu za kujikunjakunja: "Festo na Eliza, Safari Yetu Inaanza." Na juu kabisa kichwa cha slaidi kimebaki pale pale: "Namna ya Kuchuma Bila Kujeruhi."

Mungu wangu! Ni ile mandhari niliyoitengeneza kwa ajili ya kikao cha kamati ya harusi yetu, Singida. Sikuwahi kuifuta. (Nilijaribu jioni moja. Nikaishia kuitazama mpaka chakula kikapoa.)

Nikabonyeza kurudisha nyuma. Kompyuta ikaganda. Nikabonyeza tena. Ikaganda zaidi.

Watu wakanyoosha shingo, wakasoma. Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele akapiga kigelegele.

Weee! Watu wakainuka. Meneja wangu, Mama Sanga, akanijia mikono wazi, akanikumbatia mbele ya kadamnasi.

"Festo! Kumbe! Na ukatuambia huna mtu!"

"Mama, hii siyo..."

"Nyamaza, mwanangu. Aibu ya nini tena?"

Mzee Mlowe akagonga meza. "Wenzake wanatuletea kadi. Bwana Shamba ametuletea harusi ukutani! Huyu amesoma!" Makofi. "Sasa kamati iundwe hapa hapa, kabla ya chai."

Na mnajua watu wetu wakisikia neno kamati. Mkulima wa Lupembe akajitolea viazi. Babu mmoja akaahidi ulanzi, pombe ya mianzi, kina mama wa kwaya wakamzomea, akasema basi ataleta na soda. Mama Sanga akafungua grupu la WhatsApp papo hapo, "Harusi ya Bwana Shamba", akaanza kuingiza watu, simu zikawa zinalia kila kona.

Niseme ukweli wangu. Pale nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema. Tangu nihamie huku hakuna mtu aliyenishika hata bega. Leo ghafla nashikwa mabega yote mawili. Huyu ananiita mwanangu, yule anasema Singida ni mbali, basi yeye atasimama upande wa baba yangu. Nikawa na ukoo mzima, bila kutegemea. Nilifurahi, jamani. Nikatabasamu kama zuzu.

"Bibi harusi anafanya kazi gani?" mtu akauliza.

"Ni nesi," nikajibu. (Nesi! Na nikaongeza kwamba anaimba sauti ya kwanza. Nani aliniuliza?)

Ndipo Mama Sanga akapaza sauti: "Mpigie mkwe wetu! Weka spika, tumsalimie 'Kamwene' tu kwa Kibena, ajue huku Ubena ana watu."

"Yuko kazini, Mama."

"Nesi hajui kusema haloo? Mpigie!"

Ukumbi mzima ukadaka: "Mpi-gi-e! Mpi-gi-e!" Na makofi yanafuata mdundo.

Nikatoa simu. Nikaishika. Jasho linanitoka, Njombe, msimu huu wa baridi! Nikamsogelea Mama Sanga nimnong'oneze, yeye peke yake, ajue namna ya kunisitiri. Kile kipaza sauti kwenye kola nikakisahau kabisa.

"Mama, siwezi kumpigia. Ameshaolewa."

Spika zote za ukumbi zikatangaza.

"Ameolewa na nani?" akauliza Mzee Mlowe kutoka meza kuu. "Si anaolewa na wewe?"

"Na mtu mwingine, Mzee. Mwaka jana."

Kuna kigelegele kilikuwa kimeshaanza kule nyuma. Kilikatika katikati. Hakuna aliyetaka kunitazama mimi, kwa hiyo wote wakatazama ukuta, na ukutani nilikuwepo tena, na tai imepinda, na Eliza anacheka. Mama Sanga akatembea taratibu, akachomoa waya wa projekta.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Nenda kanywe chai kwanza."

Parachichi nikafundisha bila slaidi. Walinisikiliza kwa adabu kama wako msibani. Hakuna aliyeuliza swali hata moja, na wakulima wa Njombe kwa maswali mnawajua. Walipokuja kuniaga kila mmoja alinipa mkono, akausahau kidogo ndani ya wangu, kisha akaondoka haraka.

Nimerudi Makambako. Nimepika ugali wa mtu mmoja, nimekaa. Simu ikalia. Ikalia tena. Nikaidaka, nikasema hata kwa pole yao nashukuru, leo kuna watu wa kuniandikia.

Kumbe ni lile grupu. Wanaandika "pole", kisha wanaondoka. Kwa heshima kabisa, bila maneno mengi, mmoja baada ya mwingine, wasinitoneshe kidonda. Wa viazi ameondoka. Wa ulanzi ameondoka. Mzee Mlowe ameandika, "Mungu atakupa wako, Bwana Shamba," halafu naye ameondoka. Mama Sanga amekuwa wa mwisho. Hivi ninavyoandika, kamati ya harusi yangu ina mjumbe mmoja, ambaye ni mimi, na uadmini nimeachiwa.

Sasa wewe unayecheka hapo, cheka taratibu: namba yako ninayo, na grupu lina nafasi.