Kingamwili za Kihara

Kihara alikuwa akila chapati kwenye kibanda kimoja Njoro, karibu na chuo, aliposikia mtu akilalamika. Shida ya mwenzake, kwa Kihara, ilikuwa shamba lililokwisha kulimwa.

Mlalamikaji alikuwa Chepkorir, fundi wa maabara. Utafiti wake wa ndigana, ugonjwa wa kupe unaomaliza ng'ombe wa wadogo huku wakubwa wakifanyiana semina kuuhusu, ulikuwa umekwama, mwaka wa pili huo. Alihitaji kingamwili zenye rangi ya kung'aa. Hizo huingia ndani ya seli ya damu, zikang'ang'ania protini za kiunzi chake, kisha mashine ikapitisha seli moja moja mbele ya leza na kuona zipi zinawaka. Pesa za kuziagiza zilikuwa zimeliwa Naivasha, hotelini, kwa uma na kisu.

"Madam, umepata supplier," Kihara akasema, akijipangusa mdomo. "Jumatatu unazo."

Jumatatu alileta vichupa vitatu kwenye kikasha cha barafu. Ndani mlikuwa na maji na wino wa zile kalamu za manjano ya kung'aa ambazo wanafunzi hupaka juu ya maandishi. Chepkorir akaingia navyo maabara. Kihara akabaki nje akimwomba Mungu, ambaye hakuwa amemsumbua tangu ubatizo.

Chepkorir akatoka akitabasamu. "Boss, zinawaka kama Krismasi. Chuo kitakupa tenda ya miaka mitatu, na malipo yote yaje pamoja. Ila kamati inataka sampuli kumi zenye mihuri ya kiwanda. Ni za kuonyesha tu, utarudishiwa. Na mimi usinisahau."

Hilo la mwisho ndilo lililompa Kihara usingizi mtamu. Mtu mwaminifu angemtia wasiwasi. Anayeomba chai ni ndugu. Nchi nzima imejengwa juu ya imani hiyo.

Akauza gari lake la Probox, lililomlisha miaka sita, akanunua kingamwili halisi Nairobi na kuzifikisha zikiwa bado baridi. Wiki mbili zikapita kimya. Akarudi.

"Sampuli zangu, madam."

"Ziliisha. Ziko kwa damu ya ng'ombe wa Molo."

"Ulisema za kuonyesha."

"Na zimeonyesha vizuri sana."

"Nitakushtaki."

"Shtaki, mzee. Uanze na vile vichupa vya kwanza, nimekuwekea. Kingamwili ya kweli huchagua pa kung'ang'ania. Yako niliitia kwa damu, ikawaka. Kwa maziwa, ikawaka. Kwa maji ya mfereji, ikawaka. Hata mwanasiasa hana marafiki wengi hivyo."

Kihara akaenda zake kwa miguu.

Mwezi uliofuata, bango likabandikwa chuoni kumshukuru Bwana Kihara, mfadhili wa utafiti wa ndigana, pamoja na namba yake ya simu. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa amepigiwa na watafiti saba. Wa nane alikuwa na sauti ya upole.

"Bwana Kihara, tumesikia una moyo. Sisi tunafuga panya wa utafiti, mia nne hivi, na hawajala tangu jana."

"Hata mimi," Kihara akasema, akakata simu.