Vioo Kumi na Viwili Juu ya Sima

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Vioo vya magari kumi na viwili vimefika kutoka Bukavu, vyote vizima. Duka langu hapa Kamembe ni jembamba kama kabati. Jirani yangu Maman Zulaikha, muuza vioo kama mimi, husimamisha vyake kwenye fremu ya mbao, kimoja kimoja, mpaka ukuta wote unaisha. Mambo ya zamani. Mimi nimevilaza chini, kimoja juu ya kingine, kama chapati. Kumi na viwili katika nafasi ya kimoja! Nikastaajabia akili yangu.

Zulaikha alichungulia. Hakucheka. "Papa Hugues, kioo hakilazwi. Kinasimama kama muntu."

Nikamjibu kwamba hata muntu hulala.

Jumanne, 2 Septemba
Nimenywa chai nikiwa nimekaa juu ya rundo, ili Zulaikha aone. Kitu kikalia tik. Nikadhani ni goti langu.

Akaja Habumugisha, dereva wa Nzahaha, akitaka kioo cha mbele. Chake kilikuwa cha chini kabisa, bila shaka. Tukainua vyote. Ufa, pembe hadi pembe. Cha juu yake, ufa. Saba kwa jumla. Habumugisha akanipa pole, akaenda kwa Zulaikha. Alihudumiwa kabla chai yangu haijapoa.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekubali kusimamisha. Lakini fremu na mipira ya kuwekea chini ni anasa. Vitano vilivyobaki nikaviegemeza ukutani, juu ya sakafu ya sima tupu.

Saa tisa mchana ardhi ikatetemeka. Muda wa nusu ya Baba Yetu, si zaidi. Vioo vya Zulaikha vikaanza kuimba. Naandika kweli: kuimba, sauti moja nyembamba, kama kwaya ya wamama iliyo mbali. Hakikuanguka hata kimoja.

Kisha kioo changu kikubwa cha nyuma kikateleza, pembe ikagonga sima. Hakikutoa vipande. Kilikuwa kioo, ghafla kikawa mvua ya mawe. Punje elfu na elfu zikamwagika mpaka barabarani, na jua likaingia ndani ya kila moja. Bamotari, wale wa pikipiki, wakazima injini. Mimi nilisimama katikati, wala sikukumbuka hasara. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Mke wangu Charlotte akanivuta kwa shati.

Ijumaa, 5 Septemba
Zulaikha amekuja na ufagio na mbao za fremu ya kuniazima. Tukafagia. Kisha akanionyesha: chini, vipande vya tairi kuukuu, kati, kartoni, kila kioo kiegemee nyuma kidogo tu.

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akapandisha mkono wa gauni. Kovu, kutoka kiganja hadi kiwiko.

"Wewe Mungu amekuonyesha kwa mwanga," akasema. "Mimi alinionyesha kwa damu."

Nikamwomba msamaha kwa yote ya Jumatatu. Akasema nishike mbao vizuri.

Jumapili, 7 Septemba
Vinne vimesimama. Ninavitazama kama muntu anavyotazama altare. Mama yule ni mwalimu, nitamheshimu mpaka kufa.

Ila leo kanisani niliinua macho, nikaona taa zinavyoning'inia. Kitu kilichotundikwa hakigusi sima. Ardhi itetemeke inavyotaka! Na dari la duka langu ni tupu kabisa, mwaka wa sita sasa.

Kamba nimeshanunua. Fremu nitamrudishia Zulaikha kesho, kwa shukrani.