Huipili za Fidelia na Nyuki wa Don Baltazar

Jumatatu, 4 Machi

Mizinga sita, yote inaharisha. Aibu gani hii! Msitu mzima umechanua, nyuki wangu wanatambaa chini kama walevi. Daktari Noemí, mtaalamu wa wadudu kutoka Mérida, kauliza nimewapa nini. Kidogo tu: antibiotiki ya nguruwe kwenye maji ya sukari, wasije wakaugua. Kashika kichwa. Eti nimewaua bakteria wazuri wa matumboni mwao. Eti nyuki huzaliwa hana hata mmoja, huwapata kwa wakubwa zake mzingani, hata kwenye kinyesi chao. Tiba: niombe masega yenye nyuki wazima kwa jirani.

Jirani ni Don Baltazar. Afadhali nife! Mke wangu Fidelia kaapa: nyuki wakiisha, nitakwenda kuwa kibarua wa huyo huyo.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Nyuki wa Don Baltazar hupita juu ya ua wetu kila asubuhi, wakijisaidia hewani. Bure kabisa! Kinachotakiwa ni kitambaa cheupe. Nimeanika huipili tatu za Fidelia, zile gauni nyeupe za sikukuu, zenye tarizi. Don Baltazar kachungulia ukutani, kaniuliza kama siku hizi mimi ndiye dobi wa nyumba. Nimemwamkia kwa heshima, nikaendelea kuanika.

Jumatano, 6 Machi

Madoa ya njano hamsini na matatu! Nimekwangua kwa kijiko, nimekoroga na sukari, nyuki wamekunywa. Kisha Fidelia akaenda kuchukua nguo ya misa. Aliyoyasema siyaandiki. Machela yangu ya kulalia imehamishiwa nje, karibu na batamzinga.

Jumapili, 17 Machi

Wanaruka! Mizinga yote sita! Mimi ni mvumbuzi.

Fidelia anadai eti Jumatano ile, nikiwa nimelala mchana, alikwenda kwa Don Baltazar, akamwomba masega sita pamoja na nyuki wake, akayapachika mwenyewe mizingani mwetu. Mzee hakutaka chochote, aliuliza tu kama akili zangu ni nzima. Wivu mtupu! Nimewasamehe wote wawili.

Kinachonisumbua ni tumbo, linaniendesha tangu jana. Don Baltazar ana miaka sabini na tatu, anatafuna pilipili kama karanga, hajawahi kuumwa tumbo hata siku moja. Leo nimemtazama sana. Kaniuliza, “Wewe Fulgencio, unatafuta nini kwangu?” Nimemjibu ni ujirani tu.

Choo chake kiko hatua kumi kutoka ukutani.