Kamati ya Nakala

Ofisi ya Uratibu wa Visima, tawi la Iftin, iliutangazia umma wa Garissa kwamba zama za kupoteza kumbukumbu zimekwisha. Tangazo lilisomwa mlangoni na Mkurugenzi Bare mwenyewe, akiwa amevaa koti juani.

Chanzo kilikuwa Filsan, karani wake. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja tu, na ndani yake mlikuwa na habari za kila kisima: kina chake, aina ya pampu, fundi wa kuitwa. Siku hizo ilinguruma kama ngamia anayekataa mzigo.

"Bosi, hii mashine inatuaga," Filsan alimwambia. "Tununue diski ya nje leo, ninakili kila kitu, tuifungie kabatini. Duka liko hapo ng'ambo tu."

Bare alimwonea huruma. Msichana mzuri, ila hakuona uzito wa jambo. "Abaayo, dada yangu, hilo ni suala la kimkakati. Haliendi dukani kabla ya kupita kwenye kamati."

Kamati ikaundwa: Bare mwenyekiti, naibu wake Jelle katibu. Ilikaa, ikala mbuzi, ikachambua.

"Diski ya nje?" Jelle alikunja uso. "Serikali inasema tununue vya ndani."

Ikakataliwa. Flashi nayo ilionekana ndogo mno kwa heshima ya ofisi. Kitu cha ukubwa wa kidole kingebebaje visima virefu vile? Filsan akaitwa kueleza kuhusu kuhifadhi kwenye wingu.

"Wingu gani, la hapa Garissa?" Bare alicheka kwa upole. "Walahi, mvua yenyewe imetushinda kuipata huko."

Karatasi zilipigwa marufuku kwa kuwa za kikoloni. Njia zikawa zimekwisha, na Bare akahisi utulivu wa mtu aliyefanya kazi. Kamati ikaondoka kwenda Mombasa kwa ziara ya mafunzo.

Walikuwa mezani hotelini Filsan alipopiga simu. Umeme ulikuwa umepotea, kisha ukarudi kwa hasira.

"Kompyuta imekufa, bosi."

"Haiwezi kufa. Ripoti haijatoka."

"Imetoa moshi."

Wiki hiyohiyo pampu ya kisima cha kijiji cha Hulugho ikaharibika. Fundi alikuwa tayari mjini, lakini hakuna aliyejua apeleke pampu ipi. Akapeleka ya kukisia, ikakataa kuingia. Mbuzi wakaanza kulala chini na kukataa kuinuka. Simu za malalamiko zikampita Bare, zikafika kwa mkubwa wa idara.

Mkubwa hakufoka. Alizungumza kwa lugha ambayo Bare aliiheshimu.

"Idara imepokea mapendekezo ya kamati yako kwa shukrani. Kwa vile umekataa vifaa vyote, tumeteua kilichobaki. Ni wewe."

"Mimi, mheshimiwa?"

"Utapita kisima kwa kisima, uhifadhi kichwani. Karatasi umeshaipiga marufuku. Anza na Hulugho."

Huko Hulugho, koti likiwa limemgandia mgongoni, Bare alipokewa na Ebla, mama aliyesimamia kisima. Alimwonyesha namba kwenye bati la pampu iliyokufa. Bare aliikodolea macho, akaishika kichwani, akapanda kilima kutafuta mtandao. Alipompata fundi, alitaja namba kwa sauti ya mkutanoni.

Ebla, aliyemfuata, akampokonya simu. "Hapana! Hiyo ametaja labda ni simu ya bibi yake!" Akaisema iliyo sahihi.

Kesho yake pampu ikafika, ikaingia. Maji yalipotoka, wanawake walipiga vigelegele na mbuzi wakakanyagana birikani. Bare naye, kwa mara ya kwanza tangu apewe cheo, alifurahi bila kuandaliwa hotuba. Akaelekea garini.

"Unaenda wapi, walaal?" Ebla aliuliza. "Kina cha kisima?"

Bare alifungua mdomo. Hata namba ya pampu ilikuwa imemtoka.

"Amefuta," Ebla aliwatangazia wenzake, akamvutia dumu tupu akalie. "Leteni chai. Tunamjaza upya."